Mita ya Thelathini na Moja

Kambi ya Uchimbaji,
Kilifi
9 Machi 1980

Mama mpendwa,

Nilifika salama na yale mafua yameisha. Najua Muhiba wa jirani ndiye anayekusomea, kwa hiyo naye namsalimu, pamoja na Mzee Saad na wote wa dukani kwake. Mwambie asisome mbio kama anayekimbizwa.

Uliuliza tunachimba nini huku, kwa sababu akina mama wa kanisani wamekwambia ni mafuta. Si mafuta wala dhahabu. Tunachimba miaka. Mtambo unashusha bomba lenye meno, linakata mwamba na kuupandisha juu ukiwa mviringo na mrefu, mfano wa mche wa sabuni. Nasi tunauita mche. Kila mche nauosha, naupaka namba, nauandika kwenye daftari, kisha naulaza sandukuni kwa mpangilio uleule ulivyokuwa ardhini. Daktari Muturi, mkuu wetu, husema msaidizi ana sheria moja tu: asichanganye.

Ukiiangalia miche hiyo utaona mwamba mweupe wa matumbawe, na matumbawe hayaishi ila ndani ya maji ya bahari. Chini yake udongo mwekundu uliogeuka jiwe, wenye matundu ya mizizi. Chini ya huo, matumbawe tena. Maana yake hapa palikuwa bahari, pakawa nchi kavu penye miti, pakawa bahari. Si mara moja.

Nilimuuliza Daktari bahari ilikuwa ikienda wapi. Alichukua chungwa na taa ya kandili, akanionyesha. Dunia huzunguka jua, lakini njia yake haikai vilevile: kwa karibu miaka laki moja inarefuka kidogo, kisha inarudi karibu na duara. Mwinamo wake nao unazidi na kupungua, kwa miaka kama elfu arobaini na moja. Tena inayumba, kama pia ya watoto inayokaribia kulala, kwa miaka kama elfu ishirini hivi. Mambo hayo yakikutana, jua la kiangazi linapungua katika nchi za kaskazini. Theluji ya huko haiyeyuki yote. Inalundikana miaka elfu kwa elfu, inakuwa barafu ya unene wa maili, na maji ya barafu hiyo ni ya bahari. Basi bahari inashuka hata huku kwetu, ambako hakuna aliyeona theluji. Daktari anasema iliwahi kushuka zaidi ya futi mia tatu.

Niandikie kama dari limezibwa.

Mwanao,
Patrobas Simiyu


Shauri Moyo,
Nairobi
23 Machi 1980

Kwa mwanangu Patrobas,

Mimi mama yako Asenath ninasema, Muhiba anaandika. Nimemwambia aandike kama ninavyosema, asipunguze wala asiongeze sukari.

Dari limezibwa. Fundi wa baraza la mji hakuja, ni Mzee Saad aliyepanda na bati. Mboga zinatoka vizuri, mrenda unaisha kabla ya saa nne. Goti linaniuma nikishuka sokoni Gikomba na kikapu, nikipanda haliumi. Sijui kwa nini.

Barua yako nimeisikiliza mara tatu. Nina maswali. La kwanza, hayo maji yalipokuwa barafu, samaki walienda wapi? La pili, hao waliohesabu miaka elfu arobaini ni nani, na walikaa wapi wakihesabu? La tatu, mhubiri wetu anasema dunia yote ina miaka elfu sita. Nilimwambia mwanangu anashika miaka zaidi ya hiyo kwa mkono mmoja na kuiosha kwa brashi.  Mimi sitaki kubishana naye. Mungu hakuniambia alianza lini, na sikumuuliza.

Lakini hili la kuosha jiwe na kulirudisha mahali pake nimelielewa. Hata mboga ukichanganya za jana na za leo, mnunuzi atajua kabla yako. Fanya hivyo hivyo.

Kula. Baba yako alikuwa mwembamba hivyo hivyo, akasema ni mwili wake, mpaka tukamzika.

Mama yako,
Asenath

Mimi Muhiba naongeza, kwa ruhusa: Niaje Pato? Mathe wako amelala na barua yako chini ya mto. Mimi nikiandikiwa na mtu kuhusu barafu nitaikunjia vitumbua. Lakini hilo la pia nilimweleza vizuri, nilichukua pia ya mtoto wa jirani nikaizungusha sakafuni. Alitazama mpaka ikalala. Akasema, "Sasa hiyo ni miaka mingapi?"


Kambi ya Uchimbaji,
Kilifi
18 Mei 1980

Mama mpendwa,

Nina habari njema. Kisima chetu kimefika mita sitini, na Daktari Muturi amehesabu bahari saba, moja juu ya nyingine, na nchi kavu kati yao. Saba ndiyo hesabu aliyoitarajia kutokana na mizunguko ya dunia. Ataisoma habari hii katika mkutano wa wataalamu mwezi wa nane. Tena amependekeza jina langu nipelekwe Uingereza mwezi wa tisa, mwaka mmoja mzima, nijifunze kupima umri wa matumbawe.

Samaki hawakwenda mbali, Mama. Walishuka na maji.

Mwanao,
Patrobas

(Karatasi hii ya pili ni ya Muhiba. Usimsomee Mama.)

Muhiba,

Sina mtu mwingine wa kumwambia, na wewe huku hujuani na mtu.

Tarehe kumi na moja Aprili nilikuwa nikihamisha masanduku kutoka kisimani hadi ghalani. Jimale, dereva wa trekta, alisema tufunge kamba kwanza. Nikamwambia hakuna haja, posta inafungwa, nataka kuwahi barua ya nyumbani. Penye korongo trela iliruka na masanduku matatu yakaanguka. Miche ya kuanzia mita ya thelathini na moja hadi ya arobaini ikamwagika njiani. Mingi ilikuwa haijakauka rangi, namba zikafutika vumbini.

Nilipiga magoti nikapanga upya. Daftarini mlikuwa na namba tu. Nilikumbuka baadhi. Mingine nilikisia. Nikapaka namba mpya, tukaendelea, na Jimale hakusema neno. Posta ilikuwa imefungwa.

Wiki iliyopita nilikuwa nikiiosha miche kwa ajili ya picha. Nikashika kipande cha udongo mwekundu cha mita ya thelathini na mbili, na kingine cha mita ya thelathini na sita. Nikavigusanisha sehemu zilizovunjika. Vikashikana, Muhiba, kama sahani iliyovunjika vipande viwili. Ni udongo mmoja. Mimi nimeukata na kutia matumbawe katikati. Bahari ni sita. Ile ya saba nimeizua mimi, barabarani, kwa magoti.

Daktari alikuwa amesimama mlangoni. Akaniuliza, "Vipi, Simiyu, umeona kitu?"

Nikasema, "Hapana, Daktari."

Nikavirudisha vilipokuwa.

P.


Shauri Moyo
1 Juni 1980

Pato,

Karatasi yako nimeisoma chooni maana nyumbani kwetu hakuna pa kujificha. Nimeificha ndani ya kitabu cha hesabu za shule nilichokuwa nacho zamani, kiko kwenu kwa mama yako na hakuna anayekifungua.

Nitakwambia yaliyotokea hapa halafu uamue mwenyewe. Nilipomsomea habari ya Uingereza, mama yako aliniambia nirudie. Nikarudia. Akavaa kitambaa cha kichwa, akatoka. Aliporudi jua linatua, Shauri Moyo yote inajua, na Majengo, na Gikomba upande wa mboga na upande wa samaki. Jumapili alisimama kanisani. Akina mama wa kanisa la Marafiki wamenunua sutikesi, ya kahawia, yenye vishikizo vya shaba. Imewekwa juu ya kabati na amefunika kwa kitambaa alichokifuma. Mtu akija kusalimia lazima aione.

Sasa wewe unataka kuniambia kuhusu udongo wa thelathini na mbili na udongo wa thelathini na sita. Pato, kuna watu waliokufa kwa hilo? Enzi hizo watu hawakuwapo. Bahari sita au saba, nani ataumia? Nenda ukasome, ukirudi na elimu yako urekebishe. Mawe yamengoja miaka laki tatu, yatangoja mwaka mmoja.

Na huyo Jimale ana watoto. Ukisema, wewe utapata kazi kwingine kwa hati yako ya shule. Yeye je?

Naandika hivi na mkono wangu haupendi. Lakini nimeiona ile sutikesi na wewe hujaiona.

Muhiba


Kambi ya Uchimbaji,
Kilifi
15 Juni 1980

Mama mpendwa,

Habari ni zilezile. Mvua imekatika. Daktari anachora picha ya mwisho, bahari saba kwa rangi ya buluu, na jina langu ameliweka pembeni katika shukrani. Nashukuru kwa sutikesi. Waambie akina mama nashukuru sana.

Mwanao,
Patrobas


Shauri Moyo
6 Julai 1980

Patrobas mwanangu

Hii ni mkono wangu. Muhiba hayuko hapa. Ninaandika tangu asubuhi.

Tangu Januari ninakwenda ngumbaru kujifunza kusoma katika ukumbi wa jamii, Jumanne na Alhamisi. Nilimkataza Muhiba kukuambia. Nilitaka nikuandikie siku yako ya kuondoka uone.

Mwalimu alisema tutafute kitabu cha hesabu. Nilifungua kile cha Muhiba. Karatasi yako ikaanguka. Nilisoma siku nne. Maneno mengine nilipita nikarudi.

Sutikesi ni yangu. Si yako. Ni mimi nilisimama kanisani. Nikisimama mara moja ninaweza kusimama mara ya pili.

Ulisema hapana kwa mtu aliyekuuliza uso kwa uso. Hilo ndilo nililolilia. Uingereza sikulilia.

Mwambie. Usingoje mimi nikuandikie tena kwa sababu mkono unachoka.

Mama


Shauri Moyo
8 Julai 1980

Pato,

Nisamehe. Kitabu kile nilijua hakifunguliwi, na ni mimi mwenyewe niliyempeleka ngumbaru siku ya kwanza nikimshika mkono! Nilimkuta juzi amekaa na karatasi yako magotini. Nikadhani ataniuliza kwa nini nilimficha. Akaniuliza hivi: "Muhiba, hili neno ni kukisia au kusikia?"

Nikasema, "Kukisia, mama."

"Nilijua," akasema. "Nilitamani liwe kusikia."

Yale niliyokuandikia Juni usiyafuate. Nilikuwa naiangalia sutikesi.

Muhiba


Kambi ya Uchimbaji,
Kilifi
3 Agosti 1980

Mama,

Nakuandikia kwa herufi kubwa ili usichoke.

Barua yako niliipata Jumatano. Niliisoma nikiwa nimesimama palepale posta. Nikaenda moja kwa moja ghalani na kumwambia Jimale kwamba nakwenda kusema, na kwamba jina lake sitalitaja. Alikuwa akipaka trekta grisi. Akaendelea kupaka.

Daktari Muturi alikuwa mezani na ile picha yake. Nikavichukua vipande viwili, nikaviweka mbele yake, nikavisukuma pamoja. 

Aliviangalia muda mrefu. Akavitenganisha, akavishikanisha tena kwa mikono yake mwenyewe. "Tangu lini unajua?" akauliza.

"Tangu Mei."

"Nilikuuliza Mei."

"Ndiyo, Daktari. Nilikudanganya."

"Nani alikuwa anaendesha?"

 Sauti ikatoka mlangoni, "Mimi." Ni Jimale, na grisi hadi viwikoni. Akasema, "Nilisema tufunge kamba. Lakini baadaye nilinyamaza, na hapo hakuna aliyeniziba mdomo."

Daktari alitufukuza sote wawili, tusimame nje. Tulikaa juani hadi adhuhuri. Alipotoka alikuwa na karatasi ya mkutano, ameikata mistari miwili mirefu. Akasema hataisoma. Akasema, "Unajua kilichoniuma, Simiyu? Nilipohesabu saba nilifurahi sana, na ile furaha ikanizuia kuangalia tena. Vile vipande vimepita mikononi mwangu mara mbili. Kosa la barabarani ni lako. Hilo jingine ni letu sote."

Jimale amebaki na trekta yake. Uingereza ataenda Njogu, mwenzangu wa kambini, na ni mtu mzuri, sina kinyongo naye, au ninacho kidogo. Mimi nimebaki kwa sharti kwamba tuchimbe kisima cha pili, hatua tano kutoka kile cha kwanza, na niandike kila mche mbele ya mtu mwingine.

Siku tatu Daktari hakunisemesha. Ya nne akaniomba chumvi.

Nimekuvunjia heshima kanisani. Hilo ndilo linalonikosesha raha.

Mwanao,
Patrobas


Shauri Moyo
24 Agosti 1980

Pato,

Idd imepita, nilikuwekea halua ikaliwa. Sasa sikiliza, maana mama yako anasema yeye hataandika habari hii, anaona haya.

Jumapili iliyopita aliniomba nimsindikize. Mimi! Nikamwambia, mama, watu wataniangalia. Akasema, "Wataiangalia sutikesi, wewe hawatakuona." Tukaibeba, yeye upande mmoja mimi upande mwingine. Nilikaa benchi la nyuma kabisa na mtandio wangu.

Ulipofika wakati wa mtu kusema lililo moyoni, walikaa kimya muda mrefu, unajua wanavyokaa. Akasimama. Akasema:

"Niliwaambia mwanangu anakwenda Uingereza. Haendi. Alikosea kazi, akaficha, halafu akasema. Alipoficha ndipo akachaguliwa, na aliposema ndipo akaachwa. Nimeirudisha sutikesi yenu. Nilitaka mlisikie kwangu kabla halijafika Gikomba."

Akakaa.  Nilidhani nitazimia kwa niaba yake.

Kisha mama mmoja mrefu wa mbele, Kezia, yule mkali wa kwaya, akageuka akauliza, "Alikosea nini hasa?"

Mama yako akasimama tena. Pato, aliwaeleza. Dunia, jua, mwinamo, barafu, bahari kushuka, udongo mwekundu, vipande viwili vilivyoshikana. Alipofika kwenye kuyumba alizungusha kidole hewani, na kanisa zima likafuata kidole.  Kezia akasema, "Kwa hiyo angenyamaza, kungekuwa na bahari vitabuni ambayo Mungu hakuiumba?"

"Ndivyo," mama yako akasema.

"Basi," akasema Kezia, na wakaimba.

Sutikesi walimpa Phelister, binti wa mwenye kioski cha maziwa, anaingia chuo cha wauguzi. Mama yako alitembea nyumbani mikono mitupu. Tukafika mlangoni. Pale ndipo alipokaa kwenye kizingiti na kulia, nami nikakaa naye. Sikutaka ujue hilo. Lakini tumeacha kufichana, au sivyo?

Muhiba


Kambi ya Uchimbaji,
Kilifi
19 Oktoba 1980

Mama,

Leo asubuhi kisima cha pili kimepita mita ya arobaini. Tangu mita ya thelathini mtambo uliendeshwa polepole, na kila mche ulipotoka tulikuwa watatu: mimi, Daktari, na Jimale aliyeacha trekta aje kuona. Tulifunga kila sanduku kwa kamba mbili. Jimale alizijaribu kwa mguu.

Udongo mwekundu wa mita hizo ulitoka mara moja tu. Ni mmoja, kama nilivyouona mikononi mwangu. Bahari ni sita.

Lakini kuna jambo. Daktari aliuangalia ule udongo kwa kioo cha kukuzia. Juu yake umesuguliwa sawasawa, kama uliofagiliwa. Anasema huenda bahari moja iliwahi kuja hapa, ikaacha matumbawe yake, halafu mvua na upepo vikayala yote katika miaka elfu nyingi ya ukavu. Huenda. Au haikuja. Mizunguko ya dunia inasema ingepaswa kuja. Mwamba hausemi.

Nikamuuliza, "Niandike nini, Daktari?"

Akasema, "Umeona nini?"

"Udongo uliosuguliwa."

"Andika udongo uliosuguliwa. Upande wa pili andika: haijulikani."

Nikaandika. Akasoma, akachukua kalamu yangu, akaweka sahihi yake chini na kuniambia niweke yangu kando. Mwezi wa tatu tutapeleka habari hii ikiwa na bahari sita na neno hilo moja. Mimi ndiye nitakayesimama kuisoma sehemu ya kisima. Sijui Kiingereza cha kutosha cha kusimama nacho, lakini nina miezi mitano.

Naomba uje Desemba kabla ya Krismasi. Hujawahi kuona bahari. Nimekuombea chumba kwa mke wa Jimale, nyumba ina kivuli na choo kiko karibu, goti lako halitasumbuka.

Mwanao,
Patrobas


Shauri Moyo
9 Novemba 1980

Patrobas mwanangu

Nimeisoma mwenyewe yote. Muhiba alikaa karibu na nilimwambia anyamaze. Neno la kusuguliwa lilinishinda, nikaliacha, nikalirudia, likakubali.

Nitakuja. Mzee Saad atanikatia tiketi na Muhiba atauza mboga zangu. Amesema hajui mrenda mzuri na mbaya. Nitamfundisha wiki hii.

Nitapanda treni ya Ijumaa tarehe kumi na mbili Desemba. Nitafika Mombasa Jumamosi asubuhi.

Daktari nitamsalimu baadaye na mawe nitayaona. Stesheni njoo peke yako. Kwanza nataka kukuangalia wewe.

Mama
Asenath